Memori kadi ya kupigia harusi: mambo ya kuzingatia kabla ya siku yenyewe

Mama akimlisha binti yake keki usiku wa sendofu, hamlishi mara ya pili kwa ajili ya mpiga picha. Kamera ikigoma utaazima ya mwenzio, taa ikizimika utasogea penye mwanga, lakini kadi ikikataa hakuna cha kuazima. Ndiyo maana nasema kadi ichaguliwe na ipimwe wiki moja kabla, isinunuliwe asubuhi ya shughuli.

Anza na kamera kabla ya kwenda dukani. Kitabu chake cha maelekezo kinataja aina ya kadi inayopokea: SD (kile kikadi kidogo cha kawaida) ya UHS-I au ya UHS-II, yaani madaraja mawili ya mwendo wa kupitisha data, au CFexpress, aina nyingine ya kadi yenye kasi zaidi, ambayo nayo ina Type A na Type B zisizoingiliana. Kadi ya UHS-II utaijua ukiigeuza nyuma, maana ina safu mbili za vibati vya rangi ya dhahabu badala ya moja. Ukiitia kwenye kamera ya UHS-I itafanya kazi, ila kwa mwendo wa UHS-I, ambao kikomo chake ni megabaiti 104 kwa sekunde. Hapo umelipia safu ya pili ambayo kamera yako haiigusi. Kamera za zamani zinazoishia SDHC, toleo la nyuma la SD, hazivuki GB 32.

Kwenye kasi ndiko wengi wetu tunakoponzwa na ile namba kubwa iliyochapwa mbele, 170 au 200. Hiyo ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta, tena mara nyingi hupatikana kwa kisoma kadi cha kampuni ileile. Kamera inahitaji kasi ya kuandika, na hiyo itafute kwenye alama ndogo yenye herufi V. V30 ina maana kadi imeahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30 kwa sekunde wakati wa kurekodi mfululizo; V60 ni 60, V90 ni 90. U3 ni sawa na V30.

Anayerekodi video asichanganye megabiti na megabaiti; megabaiti moja ni megabiti nane. Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde ni megabaiti 12.5 tu, kwa hiyo V30 inamtosha bila wasiwasi. Kitakachomsumbua ni nafasi: saa moja ya video hiyo inakula kama GB 45, na shughuli ya kanisani saa nane mchana inaweza kuishia ukumbini saa sita usiku.

Kwa picha za mnato hesabu ni nyingine. Ukipiga mfululizo, kamera huweka picha kwanza kwenye bafa, yaani kumbukumbu yake ya muda, kisha huzimwaga kwenye kadi. Chukua picha 20 za RAW, yaani faili ghafi za kamera, kila moja megabaiti 30: ni megabaiti 600. Kadi inayoandika 80 kwa sekunde inazimaliza kwa sekunde nane hivi. Inayoandika 40 inachukua sekunde 15. Ndani ya sekunde hizo kitaa chekundu kinawaka, kitufe kimekuwa kizito, na keki imeshalishwa.

Lakini kama pesa inatosha jambo moja tu, naitoa kwa uaminifu wa kadi kabla ya kasi. Niliwahi kununua kadi iliyoandikwa GB 128 kwa bei isiyofika nusu ya wenzake. Usiku ule kamera haikulalamika hata mara moja. Nyumbani, picha za mwanzo zilifunguka vizuri. Kisha ikaja moja ya bi harusi, juu uso wake, chini rangi ya kijivu tupu, na kuanzia hapo hakuna iliyofunguka. Bibi yake alikuwa ametoa wosia baada ya picha hiyo. Sina hata moja ya bibi, na kuipigia simu ile familia ni kazi ambayo simtakii mtu.

Kadi feki ya namna hiyo ina chipu ndogo ndani, iliyofundishwa kuidanganya kamera kuhusu ukubwa wake. Ikijaa, mafaili yanayofuata hutupwa au huandikwa juu ya yaliyotangulia. Kwa macho huijui, hata pakiti huigwa vizuri. Njia ni kuijaza yote na kuisoma tena: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux na Mac, zote za bure. Kadi ya GB 128 yaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Nunua mahali wanapotoa risiti na kukubali kurudishiwa, na upime siku hiyohiyo. Kompyuta ikikuonyesha 119 badala ya 128 usigombe. Ni tofauti ya namna ya kuhesabu tu.

Nabeba kadi nne za GB 64 kuliko moja ya 256, ili ikifa moja isiondoke na siku nzima. Kamera yenye matundu mawili naiweka iandike picha ileile kwenye kadi zote mbili.

Usiku wa kuamkia shughuli, hakikisha kazi ya nyuma imenakiliwa sehemu mbili, kisha fomati kila kadi, yaani ifute na kuiandaa upya, ndani ya kamera itakayoitumia. Tazama kile kiswichi cha ubavuni kisiwe kimefunga. Kwenye kiboksi, kadi tupu zitazame juu, zilizojaa zitazame chini. Na picha zikifutika kwa bahati mbaya, toa kadi palepale, usipige hata moja zaidi. Kilichofutwa huwa bado kimo mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu kama PhotoRec inaweza kukirudisha.