Kabla Hujafunga Zipu: Begi la Siku Tatu Lina Mitego Yake

Watu huipania safari ya wiki tatu na kuidharau ya siku tatu. "Ijumaa hadi Jumatatu tu, natupia nguo mbili, naondoka." Mimi naona kinyume chake. Kwenye wiki tatu ukisahau kitu, siku ya pili unakinunua au unaazima, maisha yanaendelea. Kwenye siku tatu, ukipoteza moja kukimbizana na kilichosahaulika, theluthi ya likizo imekwenda.

Ya kawaida tuyapitie haraka. Kitambulisho. Pasipoti, kama unavuka mpaka, na tarehe yake ya mwisho iangalie leo, si usiku wa kuondoka, maana nchi nyingi zinataka iwe na miezi sita mbele. Cheti cha homa ya manjano, kwa nchi zinazokidai, huanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo. Ukikumbuka siku mbili kabla, umeshachelewa. Chupi za siku zote na moja ya ziada. Mswaki. Fedha taslimu kidogo, zisikae pamoja na kadi.

Sasa, unakwenda wapi?

Ufukweni nguo ni chache na kila mtu anajua. Wanachosahau ni mfuko usiopitisha maji wa kubebea nguo mbichi, kwa sababu asubuhi ya mwisho lazima mtu ataingia majini, usinibishie. Beba nguo mbili za kuogelea. Kuivaa asubuhi ile yenye unyevu wa jana ni adhabu. Losheni ya jua iwe SPF 30 au zaidi, na hupakwa upya kila saa mbili na kila ukitoka majini, kwa hiyo kichupa kimoja kidogo kwa watu wanne hakifiki mbali. Na kama umeandikiwa doksisaiklini, antibiotiki inayotumika pia kuzuia malaria, jihadhari: huifanya ngozi iungue na jua upesi.

Milimani, hesabu baridi kabla haijakukuta. Joto hupungua takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Umesoma hali ya hewa ya mji ulio chini, unalala mita 2,000 juu yake? Toa nyuzi 13. Jinzi iache nyumbani, maana pamba ikilowa hushika maji na kukupokonya joto; sufu hata ikilowa inasaidia. Viatu vipya visianzie mlimani. Vivae wiki mbili kabla, kazini, sokoni, popote, la sivyo kisigino kitatoa lengelenge siku ya kwanza nawe utaitazama milima kupitia dirishani.

Mjini ndiko utakakotembea kuliko ulivyodhani, basi viatu vya kutembea kwanza, vya kupendeza baadaye. Soma yale maandishi madogo kwenye chaja: ikiandikwa 100–240V, unachohitaji ni adapta ya umbo la plagi tu. Mashine nyingi za kukaushia nywele hazina uwezo huo. Ya volti 110 ukiichomeka kwenye 230, harufu itakujulisha.

Ukifikia kwa ndugu, beba taulo yako, kandambili, na nguo ya kulalia yenye heshima. Saa nane usiku utakutana na baba mkwe kwenye korido.

Hapo kwenye ndege ndipo yaliponikuta mimi. Ushauri wa kila mtu ni kwamba vitu muhimu viwe kwenye begi la mkononi. Niliujua. Niliufuata.

Nilikuwa nasafiri na mama, siku nne. Mama ana presha, na vidonge vyake hukaa kwenye mkoba wa kitambaa ambao haachani nao hata akienda jikoni. Mimi na ujuaji wangu nikamwambia, "Mama, tupunguze mizigo, lete niuingize kwenye begi langu dogo." Akanitazama kidogo, akautoa. Tuliingia kwenye ndege tukiwa wa mwisho mwisho. Mlangoni mhudumu akasema makabati ya juu yamejaa, mabegi yenye magurudumu yanashushwa chini, bila malipo. Akafunga lebo kwenye mpini, nikamshukuru. Nikamshukuru! Niliona nimepunguziwa kazi.

Tulikofika, ule mkanda wa mizigo ulizunguka mpaka ukabaki na boksi moja lililofungwa kamba, likapita mbele yetu mara tano. Mama alisema tu, "Mkoba wangu umo mle, mwanangu."

Usiku ule alikosa kidonge. Asubuhi, Jumapili, kliniki yake ya nyumbani imefungwa, tukaingia duka la dawa. Mfamasia akauliza jina la dawa. Nikamtazama mama, mama akanitazama. "Kidonge cheupe," akasema, "cha duara, kina mstari katikati." Mfamasia akageuka akaiangalia rafu iliyokuwa nyuma yake, yote, kisha akaturudia. Hakuhitaji kusema kitu. Ikabidi mama apelekwe kwa daktari, apimwe, aulizwe maswali kama mtu anayeanza tiba leo, na siku ile ikaishia kwenye benchi. Begi lilifika siku ya nne, mengine tukiwa tumeshayafunga.

Kwa hiyo sikiliza. Begi la mkononi si mali yako mpaka uwe umeketi nalo. Dawa, pasipoti, miwani, fedha na pawabenki viwe kwenye kipochi kimoja unachoweza kukichomoa hata ukiwa umesimama mlangoni na watu wanakusukuma nyuma. Pawabenki hairuhusiwi kabisa kwenda tumboni mwa ndege, kwa sababu betri ya lithiamu ikishika moto inatakiwa iwe mahali watu wanaweza kuizima. Na ikizidi saa-wati 100 (Wh, kipimo cha nishati ya betri) unahitaji kibali cha shirika la ndege. (Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, huna shida.) Anayetumia insulini ndiyo asithubutu kuishusha huko chini: inaweza kuganda, na ikishaganda haifai tena.

Piga picha boksi la dawa, upande wenye jina la dawa yenyewe na miligramu zake. Jina la kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi, lakini ukimwambia mfamasia "amlodipini ya miligramu 5" anajua unachotaka. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani limekuwa likichapisha majina hayo ya pamoja tangu 1953. Picha hiyo itume pia kwa mtu aliyebaki nyumbani. Vidonge vibaki kwenye boksi lake, visimiminwe kwenye kichupa kisicho na lebo, na uongeze dozi za siku tatu. Kama mkoba ni wa mama, mwachie mama.

Mengine ni madogo madogo. Vimiminika: viwanja vingi hupima ukubwa wa chupa, si kilichomo, kwa hiyo ya mililita 200 iliyobaki nusu itatupwa tu, kikomo ni 100. Usiweke mtandaoni picha ya pasi yako ya kupandia ndege, ile namba ya tiketi inamtosha mtu mbaya. Funga gesi. Mwachie mtu ufunguo. Usijaze begi mpaka zipu ilie, utarudi na vitu zaidi ya ulivyoondoka navyo. Watoto wawe na nguo moja ya kubadili karibu, si chini kabisa ya begi. Na siku ya kutoka chumbani, kabla hujafunga mlango, angalia ile soketi iliyo nyuma ya kitanda.