Umeme ukikata siku nyingi, anza na maji, taa baadae

Wenzangu wa Unguja mnaokumbuka mnajua nazungumzia nini nikisema miezi mitatu ya giza. Disemba 2009 waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka bara uliharibika, tukakaa hivohivo hadi Machi 2010. Na kabla ya hapo Mei 2008 tulishakaa karibu mwezi mzima. 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100 na mambo yakawa afadhali sana, lkn kisiwa bado kinategemea waya unaotoka ng'ambo, na hata bara kwenyewe gridi ya taifa ilizimika Aprili 2024. Kwa hiyo naandika haya sio kumtisha mtu, naandika kwa sababu kila umeme ukikata naona watu wanakimbilia duka kununua mishumaa na hakuna hata mmoja alobeba dumu.

Sisi nyumbani 2009 tulikua na mishumaa tele, kandili mbili na mafuta yake, na siku ya tatu hatuna tone la maji. Pampu zinazovuta maji visimani zinatembea kwa umeme, umeme ukifa mfereji nao unakauka, sio siku hiyohiyo, unakauka pale matangi ya mtaani yakiisha, na hapo ndo watu wanapodanganyika maana siku ya kwanza maji yanatoka vizuri tu mtu anaoga na kufua kama kawaida. Umeme ukikata na husikii habari ya kurudi, saa hiyohiyo jaza kila kitu: madumu, ndoo, beseni, mapipa, hata masufuria makubwa ya shughuli.

Kiasi gani? Hesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, hapo umeweka kunywa, kupika, kuoga kwa kujibana na choo. Nyumba ya watu sita ni lita 90 kwa siku, yaani madumu manne na nusu ya lita 20. Kwa wiki ni lita 630. Ndo maana mwenye uwezo namwambia bora anunue tangi la lita 1000 kabla ya kufikiria jenereta, na aliweke juu kidogo ili maji yashuke yenyewe bila pampu. Asokua na uwezo huo awe na madumu kumi yenye vifuniko, yasafishwe, yajazwe, na yabadilishwe maji kila baada ya wiki mbili tatu. Maji ya kunywa yawe na madumu yake peke yake, usichanganye. Ukifika pa kuteka kisimani, chemsha mpaka yatokote kabisa kwa dakika moja au tia vidonge vya kusafishia maji kwa kipimo cha kwenye pakiti. Hapa usifanye uvivu, visima vyetu vingi viko karibu na makaro ya vyoo.

Friza. Siku ile umeme ulipokata zilikua zimepita wiki mbili tu tangu Idi kubwa, na friza la mama lilikua bado limejaa nyama ya kuchinja. Kosa letu tulilifungua fungua kila saa kuangalia kama nyama imeyayuka, na kule kufungua ndo kulikoiyayusha. Friza lililojaa likifungwa lisiguswe linaweza kushika baridi kama siku mbili, lililojaa nusu siku moja, friji la kawaida ni masaa manne tu, na kwa joto letu la Disemba usitegemee hata hayo yatimie. Kama friza lako lina nafasi jaza chupa za maji uzigandishe (usijaze hadi juu, chupa itapasuka), zitashika baridi na baadae utayanywa. Nyama ikiwa bado ina barafu ndani unaweza kuipika. Ikishakua vuguvugu usiinuse ukasema haina harufu, itupe. Mama siku ya pili aliitoa yote, nyengine ikapikwa ikagaiwa kwa majirani, nyengine ikakatwa mikanda ikatiwa chumvi na ndimu ikaanikwa, na ile ya kuanikwa ndo tuliokula wiki zilofuata. Baada ya hapo unanunua samaki wa siku ileile, unapika kinachoisha usiku uleule, na ndani unaweka dagaa, papa mkavu, choroko, kunde, mchele, unga.

Kupikia sina mengi, uwe na mtungi wa gesi wa akiba hata ule mdogo wa kilo 6, na seredani na mkaa kidogo pembeni. Lkn seredani likae nje. Usiingize chumbani hata mvua ikinyesha vipi.

Na hapohapo niseme jenereta, maana hili linauwa watu. Moshi wa jenereta una hewa isio na harufu wala rangi, mtu analala hajui anakufa. Isikae ndani, wala ukumbini, wala chini ya dirisha la jirani, na kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe kusema kweli sijui hata uiweke wapi ikawa salama. Usitie petroli ikiwa bado ya moto. Na usichomeke waya wake kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake, umeme ule unatoka nje kwenye nguzo na unaweza kumuuwa fundi anaekutengenezea laini. Mwite fundi akufungie chenji ova, ile swichi ya kuchagua umeme wa laini au wa jenereta, sio vyote pamoja.

Mimi siku hizi nashauri betri na sola kwa mwenye familia ya kawaida. Chukua betri ya volti 12 ampea 100, kama ni ile ya asidi tumia nusu yake tu isife mapema, inakupa kama 600 ukizidisha wati za kifaa kwa masaa kinayowaka. Taa nne za LED za wati 5 kwa masaa matano zinakula 100, feni ya wati 50 masaa manane inakula 400, inabaki 100 ya simu na redio. Watoto wamelala bila kutokwa na jasho usiku kucha. Friji usiliweke humo. Wa chini zaidi anunue taa ya sola moja kila chumba na pavabenki, na redio ndogo ya betri.

Nyumba yenye mgonjwa wa sukari, muulizeni mapema mfamasia insulini yenu inakaa siku ngapi nje ya friji, maana zinatofautiana. Isigandishwe wala isilazwe juu ya barafu. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowana, pahala pa upepo, kinapoza kiasi.

Umeme ukikata chomoa pasi, tivi, friji, acha taa moja tu ujue umerudi. Ukirudi subiri dakika kumi, ukiona haupandi na kushuka ndo uchomeke.

Halafu fanyeni jaribio. Jumamosi moja jioni zimeni swichi kubwa mpaka asubuhi na pampu msiwashe. Sisi tulipofanya tuligundua kiberiti hakuna, tochi ina betri zilizovuja, na bibi hawezi kufika chooni gizani bila kushika ukuta. Jumapili tulimfungia taa ya sola pale mlangoni pake.