Daraja la Mungu hadi Masoko kwa siku moja

Wageni wangu wa kutoka Dar hupenda kuanzia ziwani Masoko, halafu wakifika darajani mvua imeshawakuta. Anza na daraja. Huku Rungwe, mkoani Mbeya, mvua hupenda mchana, na ule mwamba ukilowa unateleza kama bamia. Juni hadi Oktoba ndiyo nafuu, ingawa mwavuli usiuache.

Kutoka Mbeya panda kosta ya Tukuyu au Kyela pale Nane Nane, ushuke Kibwe. Bodaboda patana naye kabisa bei ya kwenda, kusubiri na kurudi, maana huko ndani kupata mwingine ni bahati. Ukitaka kuona na Kijungu, pale mto unapozama kwenye shimo la mwamba, kipo eneo la Chuo cha Magereza Kiwira: beba kitambulisho, salimia, jieleze, na simu ibaki mfukoni mpaka uruhusiwe.

Daraja lenyewe halina fundi. Ni tao la mwamba wa volkano, Mto Kiwira unapita chini yake. Wengi hupiga selfi juu wakaondoka. Tafuta upenyo wa pembeni ulione tao kwa chini, ndipo utaelewa jina.

Kula ndizi Tukuyu, mji ambao Wajerumani waliuita Neu Langenburg, kisha shika njia ya Masoko, kama kilomita 15. Pale kuna ziwa la kreta, Kisiba, na juu yake jengo la mawe la jeshi la Wajerumani ambalo limekuja kuwa mahakama. Omba ruhusa kwa karani kwanza. Kesi ikiendelea, kaa mbali na madirisha.

Utasimuliwa kwamba Wajerumani walitupa mali zao ziwani walipozidiwa, na kijana atakuletea sarafu. Igeuze taratibu. Senti 20 za wakati ule, yaani heller 20, zina herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, koloni lao la huku), mwaka 1916 na T ndogo ya Tabora, zilikofyatuliwa vita vilipokata njia ya meli. Sasa piga hesabu: Waingereza waliingia Neu Langenburg Mei 1916. Sarafu ya mwaka huohuo itoke Tabora, ifike Masoko, izamishwe? Inawezekana, lakini mimi hela yangu sitoi. Heller 1 ya 1908, ya kabla ya vita, ningeifikiria.

Saa kumi uwe umeshageuza. Jioni magari ya kurudi Tukuyu huwa ya kubahatisha.