Kufunga muziki mpya kwenye Kombi ya kulala bila kuikata dashibodi

Gari linalozungumziwa hapa ni Volkswagen Type 2 ya kioo kimoja cha mbele, iliyotengenezwa Ujerumani kuanzia 1967 hadi 1979, hasa zile ambazo kampuni ya Westfalia ilizitia kitanda, kabati na jiko. Kama Kombi yako ni ya zamani zaidi, ile ya kioo cha mbele kilichogawanyika katikati, soma kwanza maandishi ya betri. Nyingi zilikuwa za volti 6, na redio ya leo ya volti 12 haiwaki humo.

Watu wengi huanza kwa kununua spika. Anza na waya. Kwenye Kombi injini iko nyuma, betri iko nyuma kando ya injini, na redio iko mbele kabisa. Umeme unasafiri urefu wote wa gari kupitia viungo vyenye umri wa karibu miaka 50. Spika za bei ya kawaida zilizofungwa kwa waya safi zinalia vizuri kuliko spika ghali zilizofungwa kwa viungo vyenye kutu.

Hatua ya 1: Pima chaji

Weka mita kwenye betri. Injini ikiwa imezimwa na gari limepumzika, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Washa injini, kanyaga mafuta kiasi, na isome kati ya 13.8 na 14.4. Ikiwa chini ya 13.5, tengeneza chaji kwanza na uache habari za muziki.

Kombi za mwanzo zina dainamo ya ampea 30 au 38. Alteneta, ya karibu ampea 55, ilikuja katikati ya miaka ya 1970. Taa kubwa, koili (inayotengeneza cheche za injini) na wepa vikiwaka pamoja hula karibu ampea 15. Kwa hiyo mwenye dainamo ya 30 anabakiwa na kama 15 za kuchezea, tena gari likiwa linatembea, kwa sababu dainamo haitoi kitu cha maana injini ikinguruma taratibu kwenye foleni. Ampi (kikuza sauti) ya njia 4, wati 40 halisi kila njia, ya aina ya D, hufika ampea 15 ikisukumwa mpaka mwisho. Usivuke hapo. Na zile "wati 1200" zilizoandikwa kwenye boksi, zipuuze. Tazama fyuzi ya ampi yenyewe ndiyo ikuambie ukweli.

Hatua ya 2: Chagua redio isiyodai kisu

Tundu la redio la Kombi lina dirisha dogo katikati na mashimo mawili ya vijiti vya vitufe, kimoja kila upande. Redio za kisasa za kawaida zinataka tundu la milimita 182 kwa 53, ambalo ni kubwa kuliko hilo. Hapo ndipo fundi mwenye haraka anapochukua msumeno. Dashibodi ikishakatwa hairudi, na bei ya gari inashuka nayo.

Njia mbili ni nzuri. Ya kwanza ni redio mpya ya vijiti viwili yenye Bluetooth, kama zile za RetroSound, ambazo vijiti vyake husogezwa kulingana na mashimo. Ya pili, ambayo kwa gari la kulala ndiyo bora zaidi, ni kuiacha redio ya zamani mahali pake kwa ajili ya sura na kuficha ampi ndogo ya Bluetooth chini ya benchi la nyuma. Simu ndiyo inakuwa redio.

Ukinunua redio iliyotumika kutoka Japani, iwashe uone masafa kabla ya kulipa. Japani FM ilikuwa ikiishia megahezi 90, na redio nyingi za zamani za huko hufuata mpaka huo. Kwetu stesheni zimetawanyika kati ya 88 na 108, kwa hiyo utapata chache za mwanzo na nyingine hutazisikia. Kuna kifaa cha kushusha masafa kinachofungwa kwenye waya wa antena, lakini hupunguza nguvu ya mawimbi, na namba inayosomeka kwenye redio inakuwa si ya stesheni tena.

Kabla ya kununua chochote, ingiza mkono nyuma ya dashibodi upime kina. Humo mna mirija ya hewa, na mna mota ya wepa pamoja na fito zake zinazocheza kulia na kushoto. Waya wowote utakaoachwa unaning'inia, siku ya mvua zile fito zitaukamata.

Hatua ya 3: Kusanya vifaa

Kwa ampi ya njia 4 na spika 4: waya wa shaba wa milimita za mraba 10, mita 6, waya wa 2.5, mita 3, kwa redio. Waya wa spika wa 1.5 wenye nyuzi mbili, mita 12. Kebo ya sauti ya RCA, mita 5, kama redio iko mbele na ampi nyuma. Kishika fyuzi kikubwa na fyuzi ya ampea 25 au 30 kadiri kitabu cha ampi kinavyosema. Vichwa vya waya vya pete. Mipira ya kupitishia waya kwenye bati. Na bomba la plastiki lenye mkunjo la kufunika waya.

Angalia shaba. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba juu. Ni mwepesi mkononi, na ukiukwangua kwa kisu ndani ni mweupe. Unapitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 hivi ya shaba halisi. Kwa ampea 15 na mita 6, waya wa shaba wa 10 hupoteza volti 0.16 njiani, wa 4 hupoteza karibu 0.4. Inaonekana ndogo, lakini ongeza eathi (njia ya umeme kurudi kupitia bodi) mbovu na dainamo iliyochoka, na ampi inaanza kujizima kila besi inapopiga.

Hatua ya 4: Elewa rangi kabla ya kuunga

Hapa ndipo redio nyingi zinapofia. Rangi za Volkswagen na rangi za redio za leo hazisemi lugha moja.

Kwenye redio, mweusi ni eathi. Kwenye Kombi, eathi ni kahawia, na mweusi ni umeme unaotoka kwenye funguo. Fundi anayeunga mweusi kwa mweusi anaona redio haiwaki, anadhani ni mbovu, anaisukuma ndani ya tundu. Sanduku la chuma la redio limeungwa ndani kwa ndani na ule waya wake mweusi. Likigusa bodi, au plagi ya antena ikiingia, volti 12 zinakwenda moja kwa moja kwenye bodi kupitia waya mwembamba kama uzi, na kinachofuata ni harufu ya plastiki inayoungua.

Nyekundu ya redio inataka umeme wa kuwashwa na kuzimwa. Nyekundu ya Kombi ina umeme saa zote. Kijivu cha redio ni spika ya kulia mbele. Kijivu cha Kombi ni umeme wa taa ndogo, kwa hiyo ukiviunganisha redio inakufa siku ya kwanza ukiwasha taa usiku. Bluu ya redio hutoa umeme wa kuinua antena. Bluu ya Kombi ni ya taa ya chaji. Njano ya redio ndiyo ya kumbukumbu, inataka umeme wa kudumu. Bluu yenye mstari mweupe huamsha ampi. Ya machungwa ni ya mwanga wa usiku; izibe kwa tepu uiache.

Tena, waya ya zamani huenda ilishabadilishwa na mafundi watatu kabla yako. Rangi ikuongoze, mita ndiyo iamue.

Hatua ya 5: Pitisha waya mkubwa

Fungua kichwa hasi cha betri kwanza. Fyuzi kubwa ikae ndani ya sentimita 30 kutoka betri, kabla waya haujagusa bati lolote. Kazi yake ni kuulinda waya, hivyo fyuzi iliyowekwa upande wa ampi haisaidii kitu waya ukikwaruzwa njiani.

Kutoka chumba cha injini kuingia ndani, usitoboe ukuta kwa kubahatisha. Kwenye Kombi hii tangi la petroli limekaa nyuma ya ukuta huo, juu ya giaboksi. Tafuta tundu ambalo nyaya za kiwandani zinapita, ongeza mpira mpya, na upite hapo. Ndani, fuata pembeni chini ya makabati. Usipite chini ya gari karibu na mabomba ya hewa ya moto.

Kebo ya RCA ipite upande wa pili wa gari. Zikilazimika kukutana na waya mkubwa, zikatane kama msalaba, zisilale pamoja.

Eathi ya ampi: chagua sehemu nene ya bodi, kwangua rangi kwa msasa mpaka bati ling'ae, kaza kwa boliti na washa ya meno, kisha paka grisi juu kuzuia kutu. Skrubu ya kabati haifai, hata ikiwa imeingia kwenye bati.

Hatua ya 6: Umeme wa kambini

Kwenye gari la kawaida waya mwekundu wa redio huungwa kwenye funguo na mambo yanaisha. Kwenye Kombi ya kulala hilo ni kosa. Ukiwasha funguo bila injini ili usikilize muziki, koili inapata umeme, na kama platini (viguso vinavyokata umeme wa koili) zimesimama zikiwa zimegusana, koili inachemka polepole hadi inaungua. Asubuhi gari halina cheche.

Kwa hiyo redio na ampi vilishwe na betri ya pili, kupitia swichi yake yenyewe. Upande wa kushoto wa chumba cha injini pana nafasi ya betri hiyo. Iunganishe na ile kuu kwa rilei (swichi inayowashwa na umeme), na fyuzi kila upande wa waya. Mwenye dainamo atumie rilei ya kawaida inayovutwa na waya ule wa bluu wa taa ya chaji. Rilei zinazojipimia volti hubabaika na dainamo: injini ikitulia zinaachia, ukikanyaga zinashika, kutwa nzima tik-tok.

Muziki wa sauti ya wastani hula kama ampea 2. Saa sita ni Ah (ampea-saa) 12. Betri ya kawaida ya Ah 70 isishushwe chini ya nusu, basi hesabu zako zianzie 35.

Hatua ya 7: Spika

Usikate milango. Ndani yake maji ya mvua hupita kila siku, na kioo kikishuka kinahitaji nafasi ile ile unayoitamani. Tengeneza maboksi mawili ya plaiwudi ya milimita 12 yakae miguuni mbele, kila moja likiwa na ndani sentimita 20 kwa 25 kwa 10. Hizo ni lita 5, zinatosha spika ya sentimita 13. Ziba kila kiungo kwa silikoni, jaza pamba ya mto bila kushindilia. Nyuma, spika mbili ndogo kwenye makabati zinatosha. Rafu ya juu ya injini iachie mablanketi. Pana joto na kelele.

Sabufa bapa ya inchi 8 yenye ampi yake huingia chini ya benchi. Usiitegemee sana barabarani, maana kwa kilomita 90 kwa saa ngurumo ya injini inaimeza besi. Utaifurahia gari likisimama.

Kabla ya kufunga boksi, chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha chanya kwa chanya ya spika na hasi kwa hasi, mara moja tu. Karatasi ya spika iruke kuja nje. Inayoingia ndani imeungwa kinyume, na spika mbili zinazopingana zinaua besi hata ukiongeza sauti vipi.

Na hasi ya spika isiguse bodi kamwe. Kwenye mifumo mingi ya zamani spika ilirudisha umeme kupitia bodi ya gari. Redio za leo zina umeme kwenye nyaya zote mbili za spika, na ukiugusisha mmoja kwenye bodi, saketi ya kutoa sauti inaweza kuungua. Vuta nyaya mpya mpaka kila spika, ya zamani uiache bila kuungwa.

Hatua ya 8: Kurekebisha na kutafuta kasoro

Weka kichujio cha spika ndogo kikate chini ya hezi 100, sabufa ikate juu ya 80. Pandisha redio robo tatu, ongeza kitufe cha ampi mpaka sauti ianze kukwaruza, kisha rudisha kidogo.

Mlio unaopanda na kushuka ukikanyaga mafuta unatoka kwenye chaji. Chomoa RCA kwenye ampi: ukinyamaza, eathi ya redio na ya ampi hazilingani, zipeleke sehemu moja. Ukiendelea, angalia waya wa umeme na kondensa ya dainamo. Mpasuko wa tak-tak-tak kwenye redio, lakini si kwenye Bluetooth, ni wa plagi za injini. Badilisha vifuniko vya plagi viwe vya aina yenye kizuia umeme ndani, na pima kama maganda ya waya wa antena yameshika bodi kweli.

Redio ikisahau stesheni kila ukizima, njano na nyekundu zimebadilishana. Betri ikilala kila asubuhi, pima ampea zinazotoka kila kitu kikiwa kimezimwa, zikizidi 0.05, mara nyingi waya wa kuamsha ampi umeungwa kwenye umeme wa kudumu.