Somo: Kutafuta shabaha za chanjo ya malaria kwa kompyuta

Swali la jinsi ya kutafuta kwa kompyuta shabaha za chanjo ya malaria, yaani protini za kimelea ambazo kingamwili zinaweza kuzishambulia, huulizwa kila wiki, kwa hiyo nimeliandikia somo moja la kurejelewa. Linahusu Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria, akiwa ndani ya damu.

1. Pakua kutoka PlasmoDB, hifadhidata ya jeni za vimelea vya malaria, mifuatano ya protini za ukoo wa 3D7, ambazo ni zaidi ya 5,000.

2. Bakiza zile ambazo jeni zake hufanya kazi mwishoni mwa mzunguko wa saa 48 wa kimelea ndani ya seli nyekundu, wakati merozoiti, yaani vimelea vichanga vinavyovamia seli nyingine, zinapoundwa.

3. Ondoa zinazofanana mno na protini za binadamu, programu ya kulinganisha mifuatano iitwayo BLAST inatosha.

4. Tafuta protini zinazofika nje ya merozoiti. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Programu ya SignalP hutambua kipande cha mwanzo kinachoielekeza protini kwenye njia ya kutoka, lakini wengi huongeza sharti kwamba protini hiyo iwe pia imejishikiza yenyewe kwenye utando. Usiliweke sharti hilo. Protini ya RH5, ambayo mwaka 2011 ilithibitika kuwa hushikamana na basigini, protini iliyo juu ya seli nyekundu za damu, na ambayo chanjo yake imekwisha kujaribiwa kwa watu huko Bagamoyo, haina kipande cha kupenya utando wala nanga ya GPI (mkia wa mafuta unaoishikiza protini kwenye utando), bali hufanya kazi ikiwa imeungana na protini nyingine, CyRPA na Ripr. Sharti hilo lingeitupa. Kabla ya kuamini orodha yoyote, hakikisha RH5 na AMA1, protini nyingine ya merozoiti inayojulikana, zimo. Ikikosekana mojawapo, rekebisha chujio, wala usiichomeke kwa mkono.

5. Linganisha protini zilizobaki na data za MalariaGEN, mradi unaosoma jeni za vimelea kutoka kwa wagonjwa wa nchi nyingi, kwa kuwa 3D7 ni ukoo mmoja tu wa maabara.

Swali: Nimepata protini 40. Chanjo ni ipi kati ya hizo?

Jibu: Hakuna. Kompyuta hupanga tu zipi zitangulie kupimwa maabara. Hujataja hata vichujio ulivyotumia. Soma tena hatua ya 4.

Swali: Mwalimu, watu waliokulia kwenye malaria wana kingamwili nyingi dhidi ya AMA1. Je, hiyo si dalili kwamba ndiyo shabaha bora?

Jibu: Ni swali zuri sana, ndugu yangu. Ni dalili kwamba kinga huifikia, na kwa sababu hiyo hiyo kimelea kimelazimika kuibadilisha mara kwa mara. Katika jaribio la Mali lililochapishwa mwaka 2011, chanjo iliyotokana na AMA1 ya 3D7 haikuwakinga watoto kwa ujumla, ingawa ilipunguza malaria iliyoletwa na vimelea vyenye AMA1 inayofanana na ile ya chanjo. RH5 ni kinyume chake: kinga ya asili huigusa kidogo, nayo hubadilika kidogo. Kwa hiyo usiifute protini kwa sababu ya utofauti peke yake. Weka nafasi zinazobadilika juu ya umbo lake, hata lile lililokadiriwa na programu ya AlphaFold ikiwa hakuna lililopimwa, uone kama upo upande uliotulia ambao kingamwili inaweza kuushika.

Swali: Je, toleo la PlasmoDB hubadilisha matokeo?

Jibu: Ndiyo, na namba yake iandikwe kwenye kila faili. Mipaka ya jeni husahihishwa, na mwanzo wa jeni ukihama, jibu la SignalP linaweza kugeuka.