Kuomba kibali cha kuongeza vyumba vya kisasa kwenye nyumba ya zamani ya mawe, Dodoma

Kabla hujamtafuta wa kukuchorea ramani, ipige picha nyumba, ukuta kwa ukuta. Anza nje, kona zote, kisha ingia ndani. Penye ufa, weka futikamba pembeni yake ili upana uonekane, na uandike tarehe. Picha hizi utaziambatanisha kwenye maombi, tena zitakulinda baadaye jirani au ndugu akidai kwamba ujenzi wako ndio uliopasua nyumba.

Hatua ya pili ni umri wa jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalilinda moja kwa moja jengo lililojengwa kabla ya 1863. Nyumba nyingi za mawe huku kwetu ni za baada ya hapo, enzi za Wajerumani na Waingereza. Reli yenyewe ilifika Dodoma mwaka 1910. Usifurahi mapema, maana Waziri anaweza kulitangaza hata jengo la baadaye kuwa la kulindwa. Andika barua kwa Idara ya Mambo ya Kale kupitia Wizara ya Maliasili na Utalii, ambayo makao yake yako Mtumba, uulize hali ya nyumba yako, na majibu uyaombe kwa maandishi. Kama nyumba ina mlango au fremu ya nakshi iliyochongwa kabla ya 1940, itaje kwenye barua hiyo hiyo. Nakshi hizo nazo zimo ndani ya sheria, kwa hiyo fundi asiing'oe fremu kwa sababu tu mlango mpya wa chuma umeshanunuliwa.

Sasa umiliki, na hapa ndipo wengi hukwama. Nyumba ya mawe kwa kawaida ni ya babu au bibi, na jina lililo kwenye hati ni la marehemu. Halmashauri haiwezi kumpa kibali mtu aliyekwisha kufa. Ukoo ukae kikao, muhtasari uandikwe, mkafungue mirathi mahakamani hadi apatikane msimamizi, ndipo mrudi ofisi ya ardhi kubadilisha jina. Inachosha, lakini usiiruke. Nimeona familia ikijenga kwanza kisha ikagombana juu ya vyumba vipya mpaka vikabaki bila paa. Kwa wa Dodoma mjini wenye karatasi za CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu: mamlaka hiyo ilivunjwa mwaka 2017 na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo leo ni ya Jiji. Hakikisha faili lako linaonekana huko na kodi ya pango la ardhi haidaiwi.

Ramani ndiyo moyo wa maombi. Mtafute msanifu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na umwambie wazi mambo mawili. Kwanza, achore nyumba kama ilivyo leo kwenye karatasi yake, na nyongeza aionyeshe kwa rangi nyingine, ili afisa mipango miji atambue kwa jicho moja kinachobaki na kinachoongezwa. Pili, achore kwa ukubwa mahali ukuta mpya unapokutana na wa zamani.

Mahali hapo pana siri yake. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa udongo au chokaa hupumua: unyevu unaoingia hutoka. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu unanaswa ndani, na kifuku kikiisha utaona chokaa inadondoka kama unga chini ya dirisha. Msingi mpya nao utashuka kidogo, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Ukiufunga ukuta mpya kwenye mawe kwa nondo na zege, ukishuka utayavuta mawe. Basi nyongeza isimame kwa msingi na nguzo zake, iachwe nafasi nyembamba katikati, na nafasi hiyo ifunikwe kwa kitu kinachokubali kucheza. Choo na bafu vikae upande wa mbali na mawe. Mhandisi aandike haya yote kwenye michoro yake.

Maombi yenyewe hutumwa mtandaoni kwa TAUSI, mfumo wa huduma za halmashauri. Unajisajili kwa namba yako ya NIDA, unachagua halmashauri yako, iwe Jiji la Dodoma, Mji wa Kondoa au Wilaya ya Mpwapwa, unapakia hati, michoro, picha na ile barua ya Mambo ya Kale, kisha unapata namba ya malipo. Lipa kwa namba hiyo tu, kamwe si mkononi mwa mtu. Wataalamu watakuja kuona kiwanja. Uwepo mwenyewe, ukiwa na nakala za karatasi. Wakirudisha michoro, omba sababu kwa maandishi na umpelekee msanifu zilivyo.

Kibali kikitoka, bandika bango la mradi, na umwite mkaguzi mtaro wa msingi ukiwa bado wazi, kabla ya kumwaga zege. Panga kuchimba kuanzia Mei, mvua zikishakatika, maana mtaro uliojaa maji kando ya mawe ya zamani unaweza kulegeza msingi wao kwa usiku mmoja.