Kabla Fundi Hajakoroga Simenti: Ukuta wa Maua kwa Pesa Kidogo

Nilipoamua kubadilisha ukuta wa jikoni kwetu Umoja, Nairobi, nilianza pale wengi huanza: dukani. Nilizunguka Industrial Area Jumamosi nzima nikipiga picha vigae vya maua, nikarudi nyumbani nikajumlisha, nikaona heri ukuta ubaki na moshi wake. Kumbe nilikuwa nimeanza mwisho. Kabla ya duka kuna tepu, karatasi na kalamu, na hapo ndipo bei hushuka.

Ukuta wangu nyuma ya sinki una urefu wa mita 3, na nilitaka vigae vifike juu sentimita 60. Kwa vigae vya sentimita 20 kwa 20, hiyo ni mistari mitatu ya vigae 15, jumla 45. Sasa nani alisema vyote 45 lazima viwe na maua? Mstari wa katikati ukiwa wa maua, unanunua 15 vya bei ghali na 30 vyeupe vya kawaida, na mgeni akiingia jikoni hazungumzii vile vyeupe. Ukipenda, changanya kama ubao wa drafti, ila hapo maua yanafika 22 au 23. Chora njia zote mbili uhesabu. Ongeza asilimia 10 ya vitakavyovunjika, au 15 kama vitalazwa mshazari, maana mshazari hukatwa kila pembeni.

Usisahau mianya ya grauti, ule unga unaojazwa kati ya kigae na kigae. Milimita 2 mara 14 ni karibu sentimita 3, kwa hivyo vigae 15 havitaingia kwenye mita 3 bila kukatwa. Mwambie fundi aanze katikati ya ukuta ili ukato ugawanyike kushoto na kulia. Akianzia kona moja, kona ya pili ndiyo itakayobeba makosa yote, na kwa bahati mbaya hiyo ndiyo huwa karibu na mlango.

Dukani, nenda na kigae kimoja cheupe mkononi. Kiweke kando ya kile cha maua juu ya kaunta iliyo sawa, upitishe ukucha pale vinapokutana. Ukucha ukikwama, unene haulingani, na mstari wako wa maua utatokeza ukutani kama mbavu. Fundi anaweza kusawazisha kidogo kwa gundi, lakini atakudai muda huo. Kisha soma boksi: limeandikwa linafunika mita ngapi za mraba, na pia namba ya toleo na ya toni, yaani kivuli cha rangi. Mimi nilipungukiwa na vigae vinne, nikavinunua wiki mbili baadaye duka lingine. Jina lile lile, picha ile ile kwenye boksi. Usiku vilionekana sawa kabisa. Kesho yake saa kumi jioni, jua lilipoingia dirishani, vile vinne vikawa na umanjano kama meno ya mvutaji sigara. Viko nyuma ya friji mpaka leo.

Uliza pia kuhusu mabaki. Boksi moja au mawili ya toleo lililokwisha hayamfai mtu anayejenga ghorofa, ila wewe mwenye ukuta wa mita mbili za mraba yanakutosha. Michoro minne tofauti ya kipimo kimoja, ikichanganywa, hutoa ukuta wa viraka ambao hakuna jirani atakayeupata popote. Vilivyovunjika navyo vina kazi. Kitengela Glass, kule ukingoni mwa mbuga ya Nairobi, wamepamba kuta na viti kwa vipande vya vioo na vigae, na watu wa pwani walipachika bakuli za Kichina kwenye kaburi la mnara la Mambrui karne nyingi kabla sisi hatujasikia neno mozaiki. Ila jua kwamba kazi ya vipande hula grauti nyingi, huchukua siku, na kingo zake hukata. Iweke ukutani au kwenye veranda, si mahali mtoto anatambaa.

Siku moja kabla fundi hajaja, panga kila kitu sakafuni juu ya leso, bila gundi, kwa mpangilio utakaokuwa ukutani. Simama mbali, piga picha, badilisha. Andika namba nyuma ya vigae kwa penseli. Nilitumia saa nzima nikihamisha kigae kimoja chenye ua lililopinda, na mke wangu akaniuliza kama naandaa harusi.

Ukuta wenyewe sasa. Ugonge kwa sarafu, kuanzia juu kwenda chini. Panapolia kama chungu kitupu, plasta imeachana na ukuta na itaanguka na vigae vyako. Mafuta ya miaka mingi ya chapati yaoshwe, rangi inayobambuka ikwanguliwe. Madoa ya kahawia yanayorudi kila baada ya mvua yana bomba au paa nyuma yake. Shughulikia hilo kwanza. Kama ni bafu na unaishi ghorofani, usikubali vigae kabla ya kizuia maji kupakwa, la sivyo jirani wa chini atakuja kukujulisha mwenyewe.

Mafundi wengi wamezoea kubandika kwa uji wa simenti. Kigae cha kawaida cha ukutani hunyonya maji, kwa hivyo hulowekwa kwanza na kwa kiasi fulani hushika. Poseleni, kile kigae kigumu kisichonyonya maji, haifiki asilimia 0.5 ya unyonyaji, na uji huo hauna pa kushikia. Nunua gundi ya unga ya vigae. Gundi ipakwe kwa mwiko wa meno hadi pembeni. Ukiona fundi anaweka madonge matano, moja kila kona na moja katikati, msimamishe papo hapo, kwa adabu.

Bei ikubaliwe kwa mita ya mraba na iandikwe, pamoja na kona, matundu ya soketi na kubeba kifusi. Mpangilio wa maua humchelewesha, kwa hivyo atataka zaidi, na ni haki yake. Bakiza sehemu ya malipo hadi grauti ikauke. Hakikisha tokeni za stima zipo kwa ajili ya grainda ya kukatia vigae, na ujaze mitungi kabla ya siku yenu ya mgao wa maji kupita.

Ukiwa mpangaji, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi au uishie kwenye stika. Rangi juu ya vigae vya zamani inawezekana ukutani: osha mafuta, piga msasa namba 220 mpaka mng'ao uishe, paka praima (rangi ya msingi) ya kushikilia, kisha rangi mara mbili. Sakafu ya bafu usijaribu.

Mwisho ni rangi ya grauti, ambayo kuliko kitu kingine chochote hubadilisha kigae cheupe cha bei ya chini. Omba fundi apake grauti ya kijivu na nyeupe kwenye vipande viwili vilivyokatwa. Vyangu vilikaa siku mbili juu ya sinki, vikarukiwa na mafuta ya maandazi, na ile nyeupe ikajitoa yenyewe.